Kutoka Marikiti Hadi Bustanini



Kila mji una jiko lake, na jiko la Mombasa ni Marikiti. Biriani ya arusi ya Kibokoni, mbaazi na mahamri ya asubuhi ya Kuze, uji wa futari wa Bondeni, vyote huanzia hapo, katika kikapu cha mtu aliyeamka mapema. Wiki hii twawachukua wasomaji wetu, khasa kina mama, katika safari fupi ya miguu: kutoka soko hilo hadi bustani moja ya Mji wa Kale, ambako tulikula chakula cha usiku kilicholetwa kwa duru tano. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Jambo tulilolikuta mwisho wake ni kubwa kuliko safari.

Marikiti tunayoikusudia si ile ya Nairobi. Ni soko kongwe la kisiwani, kando ya Digo Road, barabara ambayo wazee wetu wangali wakiiita Salim Road. Waingereza walilipa soko jina la Mackinnon Market. Ulimi wetu ukalichukua neno la pili peke yake, ukalitia irabu, ukamwacha bwana Mackinnon asahaulike. Siku hizi biashara ya jumla imehamia Kongowea, upande wa bara, na malori ya viazi na vitunguu huishia huko. Lakini mwenye kutaka kilicho bora kwa kiasi cha sufuria yake bado huja Marikiti.

Ndani ya jengo kuna mafungu ya matunda: embe ngowe, boribo na dodo, mapapai, mananasi, ndimu, na nazi zilizofuliwa zikingoja mbuzi. Nje kuna viduka vya viungo. Iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, uzile, giligilani na manjano vimejaa magunia yaliyokunjwa midomo, na muuzaji humtilia mteja chembe kiganjani anuse kabla ya kutaja bei. Hamali wa mikokoteni huomba njia kwa sauti, na hatua chache kutoka hapo ni Biashara Street, ambako leso hutundikwa milangoni na kila mama husimama kusoma jina hata kama hakukusudia kununua.

Mama yetu mzazi amenunua katika soko hili kwa zaidi ya miaka 50, na ni magoti tu yaliyomzuia kuendelea. Bado huagiza kwa jina: iliki kwa fulani, ukwaju kwa fulani, na huvirudisha vitu visipotoka alikosema. Mama watoto wetu amerithi kikapu kile. Ramadhani iliyopita kilijazwa na kumwagwa siku zote za mfungo, na jikoni hapakupoa tangu adhuhuri hadi daku. Sita ya Shawwal ilipokwisha kufungwa, tuliazimia kuwatoa watu wa nyumbani usiku mmoja: mama yetu, mama watoto, mabinti wawili na kijana wetu mdogo.

Tulitoka baada ya Isha tukashuka kwa Langoni. Mahali ambapo mchana huwezi kupita bila kusukumwa, usiku ule palikuwa na paka na wazee wawili kwenye baraza. Tulipita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe ukatuonyesha njia kama unavyowaonyesha wengine tangu zamani. Mkahawa hatuutaji jina, kwa kuwa makala haya si tangazo. Kwa nje ni mlango wa nakshi katika ukuta wa chokaa. Kwa ndani ni kiwanja kilicho wazi juu, kina mlimau mmoja, asumini iliyopanda ukutani, na mrehani uliooteshwa katika vyungu. Meza ni chache. Familia hutengewa pembe yenye pazia, ambapo mwanamke aweza kula kwa starehe bila kutazamwa.

Hapakuwa na kuchagua. Mwenye mkahawa hupanga chakula cha usiku kwa jinsi alivyokipata sokoni asubuhi. Bei ni moja kwa kila mtu, nayo hutajwa kabla ya mgeni kuketi. Mama watoto wetu alipoisikia alituinamia akanong'ona kwamba kwa pesa hizo yeye angepika biriani ya watu kumi na wawili, na kiporo kingebaki. Tukamwambia twajua, na ndiyo sababu ya kumleta mahali ambapo hatapika.

Likaja birika na bakuli, tukanawishwa mikono. Duru ya kwanza ilikuwa tende na kahawa tungu katika vikombe vidogo, kwa ada ya watu wa Oman. Mama yetu alinusa kikombe chake akasema iliki ile imepondwa leo, si jana.

Duru ya pili ilikuwa sambusa za nyama, katlesi na viazi karai, pamoja na ukwaju uliokorogwa na pilipili. Sambusa zilikuwa ndogo na kavu, zisizoacha mafuta kidoleni. Hapo mama watoto wetu aliinuka kukusanya sahani tupu. Kijana mhudumu akamwahi kwa adabu: "Keti, mama. Hiyo ni kazi yangu." Akaketi, lakini mikono yake ikabaki juu ya meza kama mtu asiyejua aiweke wapi.

Duru ya tatu ndiyo iliyotunyamazisha. Aliletwa changu mzima, amechomwa kwa makaa kisha akapakwa tui zito lililochemshwa na ndimu, kitunguu thomu na pilipili, na kando yake mikate ya mofa iliyotoka tanuruni wakati ule ule. Mvuke ulikuwa ukipanda. Mama watoto wetu alimega, akatafuna taratibu, akasema: "Sijui lini mara ya mwisho nilikula samaki wa kupaka wa moto." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mabinti wakatazamana.

Msomaji wetu wa kike hahitaji kufafanuliwa. Ada ya majumba yetu mengi ni kwamba mpishi huonja mchuzi kwa kiganja ili ajue chumvi, hupakua, hutandika, hurudi kuleta maji, hurudi tena kuleta ndimu iliyosahauliwa, na akiketi huwa tui limekwisha kuganda. Mama yetu, aliyefanya hayo miaka yote, alitikisa kichwa akaendelea kula.

Duru ya nne ilikuja kwa sinia: pilau ya mbuzi iliyokoza uzile na mdalasini, kachumbari, achari ya embe na ndizi mbivu. Kabla ya mkono wowote kuingia, mama yetu aliuliza nani amepika. Akaambiwa ni mama mmoja, yuko jikoni. Akaomba aitwe. Akatoka mwanamke wa makamo, leso kiunoni, uso umelowa jasho, akatoa shikamoo. Mama yetu akaitikia, akamshukuru, kisha akamuuliza: "Mwanangu, wewe umekula?" Akacheka: "Bado, Bi mkubwa. Nitakula mkishaondoka." Mama yetu akachota fungu safi pembeni mwa sinia, akaliweka katika sahani, akamwonyesha kiti. Yule mpishi akaketi ukingoni mwa kiti, akala matonge mawili matatu, wakazungumza kidogo juu ya duka gani la Marikiti lina uzile usiochanganywa na mchanga, kisha akarudi jikoni na sahani yake mkononi.

Duru ya tano ilikuwa kaimati, halwa na embe boribo iliyokatwa, kisha kahawa tena. Mama yetu akamaliza kwa tambuu, akasema imetosha.

Yuko atakayesema kwamba kula kwa duru, tena nje ya nyumba, ni mambo ya Kizungu yasiyotuhusu. Tarehe haisemi hivyo. Wanahistoria wa Andalus humtaja Ziryab, aliyehama kutoka Baghdad akafika Cordoba mwaka 822, zama za Amir Abdulrahman wa Pili, kuwa ndiye aliyewafunza watu wa mji ule kuleta vyakula kwa mpangilio: supu mwanzo, nyama katikati, vitamu mwisho, na kunywea bilauri badala ya vikombe vya dhahabu na fedha. Na sinia letu wenyewe limejaa wasafiri. Halwa ilikuja na watu wa Oman, pilau na sambusa zina nasaba Uajemi na Bara Hindi, na pilipili ilivuka bahari kutoka Amerika katika zama za Wareno. Mpwani hakuwahi kukikataa chakula kwa kuwa kimetoka mbali. Alikipokea, akakitia tui, kikawa chake.

Ama suala la kumtoa mke na mama kwenda kula, lina asili iliyo bora zaidi. Katika Sahihi ya Muslim, Anas bin Malik (r.a.) asimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Mfursi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alipika, akaja kumwalika. Mtume akauliza kama Bi Aisha (r.a.) naye amealikwa. Yule jirani akasema hapana, na Mtume akaukataa mwaliko. Akarudi mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu akakubali wote wawili waje, ndipo wakainuka wakafuatana hadi nyumbani kwake. Na tuitazame hadithi ile kwa makini: chakula kilikuwa kizuri, mwaliko ulikuwa wa jirani, na bado hakwenda mpaka mkewe akawa na nafasi yake.

Na kuhusu aliyepika, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtumishi akikuletea chakula, umketishe ule naye, na kama si hivyo umpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa ni yeye aliyebeba joto lake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mtumishi, basi mama wa nyumba, asiye mtumishi wa mtu, haki yake ni ipi? Mama yetu hakuisoma hadithi ile darasani. Aliifanya kwa mkono wake mbele ya wajukuu, na twaamini watakumbuka sahani ile kuliko darsa zetu nyingi.

Twaongeza nasaha chache. Israfu imekatazwa, na mkahawa unaoleta duru tano waweza kuwa mlango wake. Mwambieni mhudumu mapema apunguze, na kinachosalia kifungwe kiende nyumbani. Kumbukeni theluthi tulizofunzwa: moja ya chakula, moja ya maji, moja ya pumzi. Ulizeni bei kabla ya kuketi. Msikope kwa ajili ya karamu, wala msimwonee haya mtoto kumwambia kwamba mwezi huu hapana.

Wala asiyeweza kulipa bustani asione amekosa kitu, maana Marikiti iko wazi kwa wote. Chagueni usiku mmoja katika wiki. Baba na vijana wa kiume wachukue kikapu asubuhi, wanunue tende, ndimu, samaki na embe. Kama hawajui kupika, na wajifunze, au mama apike kitu kimoja tu asubuhi na wao wakipashe moto. Usiku tandikeni jamvi uani. Leteni tende kwanza, mngoje. Leteni samaki, mngoje. Leteni matunda. Kanuni ni moja tu: mama akishaketi haruhusiwi kuinuka, hata ndimu ikisahauliwa. Atainuka mara mbili tatu kwa mazoea. Mrudisheni kwa upole.

Na chakula kiwe cha moto kinapomfikia. Mchuzi wa nazi hauhitaji zaidi ya hapo, na aliyeukuna, akaukamua, akaukoroga usikatike, ndiye mwenye haki ya kuujua ladha yake ukiwa mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awalipe kheri mama zetu kwa kila joto walilolibeba, na atujaalie watoto watakaowawekea viti kabla ya kuulizwa. Amin.

Wassalaam.