Silikoni inayonuka siki iachiwe madirisha

Leo tunaweka programu kando kidogo. Kuna kisanduku mezani kwangu hapa Giakanja, na hakuna mstari wa kodi utakaokiponya.

Kazi yake ni kupima joto na unyevu wa hewa kwenye meza za kuanikia kahawa za kiwanda kimoja cha ushirika huku kwetu. Kahawa hukaushwa mpaka ibaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi. Ikilowa tena njiani huota ukungu, na jasho la mkulima la msimu mzima huuzwa kwa bei ya kutupa. Wafanyakazi husoma namba hizi wakiamua kufunika au kufunua. Sasa kifaa kikaanza kusema asilimia 99 saa saba mchana, jua likiwaka!

Fundi aliyekifunga kabla hakijanifikia alijaza kila mwanya kwa silikoni ya vioo. Nilipofungua, waya za shaba zilikuwa za kijani. Silikoni hiyo inapokauka hutoa asidi ya asetiki, yaani siki. Dirishani haina neno, mvuke unaenda zake. Ndani ya kisanduku hauna pa kwenda, unakaa unakula shaba na kuharibu kihisi cha unyevu. Huhitaji maabara: fungua tyubu, nusa. Ukikumbuka kachumbari, irudishe.

Unayotaka ni ile iliyoandikwa "neutral cure", na hasa inayotoa alkoholi badala ya siki. Bei iko juu, lakini kwa kisanduku kimoja utatumia kiasi cha kidole.

Gundi ya moto ya vijiti? Ni rahisi kuibandua, ila kisanduku kikikaa juani hulegea. Supagluu hapana. Epoksi ni ngumu kama jiwe: siku kapasita ikifa utaikata kwa msumeno. Tena haina mnyumbuliko, na huku kwetu mchana ni joto na usiku ni baridi ya kutetemesha, kwa hiyo kila siku inavuta miguu ya vipande. Silikoni hunyumbuka navyo, na ukitaka kutengeneza unaikata kwa wembe.

Jambo ambalo watu hawalipi muda ni kukauka. Silikoni hukaushwa na unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku. Usilundike donge. Paka nyembamba, acha kifuniko wazi siku mbili, na Julai ya Nyeri ongeza. Kihisi kitoe kwanza, ukirudishe harufu ikiisha, na tundu lake lisiguswe kabisa.

Mwisho kuna hili ambalo wengine hawakubaliani nami: sifungi kisanduku kila upande. Hewa ya ndani hupanuka mchana, usiku ikapoa na kuvuta ukungu wa Nyandarua kupitia mwanya wowote uliosahaulika, kisha maji hayatoki. Naacha tundu dogo chini, lenye wavu wa kuzuia sisimizi.

Kihisi kipya kimeshafika, na msimu mkubwa unaanza Oktoba. Anayejua duka Nyeri mjini lenye tyubu ndogo, si ile kubwa ya bunduki, anitonye.