Kutoka Lualaba hadi kwenye moshi unaonguruma

Mama zetu na dada zetu wa Kasongo na Kabambare, wengi mmetuuliza sokoni, kanisani na msikitini tulienda kutafuta nini Zambia wakati wa vakansi kubwa, walimu wawili wanawake, kila mmoja amebeba mfuko mgongoni kama mtoto. Tulienda kuona maji yanayoanguka. Pesa ilitoka kwenye likelemba, kwa sababu zamu zetu mbili zilifuatana.

Njia hatutaisimulia yote. Pikipiki hadi mtoni, mtumbwi kuvuka Lualaba, siku nne za kungoja treni Samba tukila mikate na karanga, kisha Lubumbashi, Kasumbalesa, basi hadi Lusaka, basi tena hadi mji unaoitwa Livingstone. Kutoka Lusaka Kiswahili chetu hakikutusaidia tena. Ndizi tulinunua kwa kuonyesha vidole.

Wenyeji wanayaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Tulisikia mngurumo kabla ya kuona chochote, tukadhani ni malori. Mto Zambezi unakuja polepole, halafu ardhi inakwisha. Maji yanaanguka mita 108 ndani ya ufa mwembamba, na upana wa ule ukuta wa maji ni karibu kilometa 1.7. Yakigonga chini yanarudi juu kama mvua, hata jua likiwa kali. Kuna daraja dogo la watu wa miguu. Tulijifunika vikwembe, lakini tulitoka tumelowa hadi ndani, na upinde wa mvua tuliuona chini ya miguu yetu. Mmoja wetu, ambaye shuleni haogopi hata mkaguzi, alishika chuma cha daraja akakataa kusogea. Kisha akacheka, kisha akalia kidogo. Tuliporudi njiani nyani alitunyang'anya maandazi yote.

Karibu na hapo kuna sanamu ya David Livingstone. Kijana aliyetutembeza, ambaye Kiswahili kidogo alikiokota Kasumbalesa, alituambia, "Huyu ndiye aliyegundua maporomoko, mwaka 1855."

Mmoja wetu akamwuliza, "Na wale waliompeleka kwa mtumbwi, walikuwa wamefumba macho?"

Kijana akacheka sana. Akatuuliza, "Kwenu naye mnamjua?"

Tulitazamana. Tunamjua, maana alipita kwetu. Kabambare aliiandika Bambarre, na hapo alilala miezi mingi akiugua vidonda vya miguu. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, katika teritware yetu ya Kasongo. Tarehe 15 Julai ilikuwa siku ya soko, watu kama 1,500, na wengi wao wanawake. Watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya kuku mmoja, kisha risasi zikapigwa. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikabanana, wakajitupa Lualaba. Upande wa wauaji wenyewe ulihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Karatasi ilikuwa imemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya mmea badala ya wino. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwapa nguvu waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na likafungwa mwaka 1873.

Haya tulimweleza kijana kwa maneno machache, katikati ya kelele za maji. Alivua kofia. Sisi tulibaki na aibu yetu, kwa sababu miaka yote tuliyofundisha historia tuliandika ubaoni: Livingstone, mvumbuzi, Nyangwe, 1871. Watoto wakanakili, tukawauliza kwenye mtihani. Wale wanawake wa soko hatukuwaandika hata siku moja. Ilitubidi kwenda hadi kwenye maji ya watu wengine, mbele ya sanamu, ndipo tuwakumbuke.

Mwezi wa tisa tulilifundisha somo hilo upya katika mwaka wa sita. Msichana mmoja, ambaye mama yake anauza samaki, alinyosha mkono akauliza, "Walikuwa wanauza nini?" Tukajibu: samaki, muhogo, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu, kuku. Akauliza tena majina yao. Hapo hatukuwa na jibu, maana Livingstone hakuyaandika.

Basi tunawaomba. Kama nyumbani kwenu kuna koko aliyesimuliwa na wazee wake juu ya siku ile ya Nyangwe, hata jina moja tu, mtuitie siku ya mkutano wa chama. Tutakuja na daftari, na maandazi tutaleta sisi.