Gari likimisi, usitafute mchawi

Leo wanasiasa nawapa likizo. Nataka tuongee kuhusu ugonjwa wa magari yetu haya ya zamani: kumisi.

Unalijua gari linalomisi, sivyo? Likiwa limesimama linatetemeka kama lina homa. Ukikanyaga mafuta linakohoa. Kwenye kilima linaishiwa nguvu mpaka bodaboda anakupita na mkungu wake wa ndizi.

Kinachotokea ni hiki. Injini nyingi tunazozijua zina silinda nne. Kila silinda, ili iwake, inataka vitu vitatu: petroli na hewa kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayofika kwa wakati. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo inalala, na zile tatu zinaibeba kama maiti. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye ekzosi (kama hayajang'olewa na kuuzwa!), na nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo usidanganyike kwamba gari linalomisi "bado linatembea". Linatembea huku linajiua.

Hapa Buseresere jambo hili halina utani. Mji wetu umeshikana na Katoro kiasi kwamba mgeni hajui ni wapi ametoka wilaya ya Geita na kuingia Chato. Barabarani utaona michomoko, zile Probox zinazobeba abiria, wachimbaji na magunia yao. Dereva wa mchomoko mara nyingi si mwenye gari. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Gari likilala gereji siku tatu, nyumbani kwa dereva sufuria nayo inalala.

Jirani yangu mmoja anaendesha Probox ya mwaka 2003. Ilianza kumisi. Fundi wa kwanza akasikiliza nusu dakika, akasema plagi. Plagi zikabadilishwa zote nne, gari likatulia siku mbili, likarudia. Fundi wa pili akasema pampu ya mafuta. Ikanunuliwa, na gari likaendelea kukohoa vilevile. Kila spea ilikuwa hesabu ya siku kadhaa, na tajiri akaanza kutafuta dereva mwingine.

Wiki ya tatu jirani akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, gari hili limetupiwa kitu." Nikamuuliza na nani. Akamtaja bibi mmoja anayeuza karanga stendi. Kosa la bibi? Siku moja kabla ya gari kuharibika alimwambia, "Mjukuu wangu, hilo gari lako litakuja kukusumbua." Halafu, akaongeza jirani, si unayaona macho yake yalivyo mekundu?

Jamani, hapo nilipoa. Ninyi mnaosomea Dar es Salaam au ughaibuni mnaweza kucheka. Lakini katika mikoa yetu hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita, wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya sentensi kama hiyo. Macho mekundu ya bibi zetu yanatokana na miaka mingi ya kupuliza moto jikoni, kuni na mavi ya ng'ombe, moshi ukiwaingia. Kuna Sheria ya Uchawi, ipo tangu mwaka 1928, na inamtia hatiani hata yule anayemtuhumu mwenzake. Panga halisomi sheria.

Nikamwomba jirani twende kwanza kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, Katoro. Mzee hakushika spana. Aliuliza: Linamisi likiwa la baridi au limepata moto? Muda wote au kwenye mzigo? Ulipobadilisha plagi lilitulia kwa muda gani? Mimi mwandishi nikajisemea, huyu bwana angefaa chumba cha habari.

Kisha akawasha injini, akawa anachomoa soketi ya koili moja moja. Ya kwanza, mlio ukabadilika. Ya pili, kimya, hakuna tofauti. Ya tatu na ya nne, ukabadilika. Maana yake silinda ya pili ilikuwa imelala tangu mwanzo. Na hapo pampu ikaachiwa huru, maana petroli ikiwa haba au mbovu, silinda zote zinaumwa, si moja. (Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011? Wakati ule petroli ndiyo ingekuwa mshukiwa wa kwanza.)

Akazima gari, akahamisha koili ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu kwenda ya pili. Akawasha. Ugonjwa ukahamia ya tatu. Mchawi ni koili!

Mzee hakuishia hapo. Akamulika tochi kwenye shimo la plagi ya pili: oili imejaa. Raba za chini ya tapeti kava zilikuwa zimekakamaa kwa uzee, oili ikavuja, ikailainisha raba ya koili, na cheche ikawa inatorokea kwenye bodi badala ya kufika kwenye plagi. Ndiyo maana plagi mpya zilileta nafuu ya siku mbili: fundi wa kwanza alifuta oili wakati anazifunga, kisha ikajaa tena. Ungeweka koili mpya bila raba mpya, mwezi ujao ungerudi gereji.

Siku hizi kuna mashine za kupima. Ikikuletea P0302 inakuambia silinda ya pili haiwaki. Kwa nini haiwaki, hiyo bado ni kazi ya kichwa cha fundi.

Raba na koili moja vikanunuliwa. Probox ikatulia mpaka leo, na bibi bado anauza karanga. Na kumbe aliposema litamsumbua, alikuwa amesikia tu linavyokohoa. Yule bibi alikuwa fundi kuliko mafundi wawili wa mwanzo.

Ninyi wenye magari, fundi akikutajia spea ya kununua, mwulize swali moja kabla hujatoa hela: umejuaje? Na mtu akikutajia jina la mchawi, mwulize hilohilo, umejuaje, tena mwulize mbele za watu. Tusilione aibu swali hilo. Huku kwetu linaweza kuokoa injini, na linaweza kuokoa bibi.