Pumu na Majira Yetu

Wanafunzi wenzangu, yapo maradhi yasiyoonekana kwa macho, na mwenye nayo hudhaniwa mvivu. Pumu ni mojawapo. Ninayo tangu utotoni, na kwa kuwa wengi huniuliza habari zake, nimeona vema niwaeleze.

Kwanza, pumu haiambukizi, si kwa kikombe wala kwa kulala bweni moja. Mirija ya hewa ya mgonjwa ikiguswa na kitu isichokipatana nacho huvimba, hujikaza na kujaa makohozi. Ndipo kifua hulia kama filimbi.

Hapa Kigoma adui hubadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma ziwani, vumbi la njia za Ujiji hupanda, na moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda hata milima ya Kongo ng'ambo isionekane. Mvua zikianza vumbi hutulia, lakini nyasi huota na kuchanua. Wengi huyalaumu maua ya miembe, kumbe chavua yake hunata na huchukuliwa zaidi na wadudu. Chavua ya nyasi ndiyo isafiriyo kwa upepo.

Jambo hili si dhana. Mwaka 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester, Uingereza, alichapa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kuwa chavua huleta mafua na pumu. Tena tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ilipiga Melbourne, Australia. Chavua ya nyasi ilipasuka kwa unyevu ikawa vipande vidogo vya kuingia ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali, na watu 10 wakafa.

Muhula huu nilipopangiwa kufyeka nyasi, mwenzangu mmoja alisema najisingizia ugonjwa. Nilimwomba tubadilishane zamu, nikateka maji yeye akafyeka. Ndoo zangu hazikuwa nyepesi kuliko fyekeo lake, naye alikiri.

Basi nawaombeni mambo mawili. Tunyunyize maji kabla ya kufagia. Na mwenzetu akishikwa, tumketishe wima, tusimzonge, tumpe dawa yake ya kuvuta upesi, na mmoja akimbie kumwita mwalimu. Kumcheka kwaweza kungoja, pumzi haingoji.