Tufe Chini ya Meli

Mwaka 1998 nilipewa daftari, penseli mbili na ubao wa kupimia samaki, nikatumwa kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Ubao wenyewe una kizuizi upande mmoja. Unamlaza sangara, pua inagusa kizuizi, kisha unasoma mkia umefikia sentimita ngapi. Jua likichomoza nilikuwa nimeshapima samaki 40, viganja vyangu utelezi mtupu, wachuuzi wananipita na mabeseni kichwani. Wavuvi waliniita Bwana Samaki kama afisa uvuvi, nami nilikuwa kibarua.

Daftari la mwalo wa jirani halikuwa na siku ya mvua wala ya msiba. Kila siku kilo zilezile. Baadaye nikajua mwenzangu hajalipwa miezi minne, anajaza karatasi akiwa nyumbani. Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Lakini tarakimu zake zilijumlishwa na zangu zikapanda wilayani, kisha mkoani, na huko juu hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Ndiyo maana nikisikia watu wanazungumzia tathmini ya samaki kama kazi ya kompyuta, huuliza kwanza: anayepima kule mwaloni kalipwa?

Aliyenifundisha zaidi alikuwa mjomba wangu, mvuvi wa nyavu. Jioni moja alichungulia daftari langu.

"Mjomba," aliniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyo, "zamani nilitega nyavu kumi nikapata samaki mia. Leo natega thelathini, nafika mbali zaidi, napata mia hiyohiyo. Wewe umeandika mia. Nyavu umeziandika wapi?"

Sikuwa nimeziandika. Fomu haikuwa na nafasi yake. Tangu mwaka 2000 nchi tatu za ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, zimekuwa zikihesabu mitumbwi, injini, nyavu na wavuvi, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na mimi kila zamu nilimkumbuka mjomba. Samaki wanaotua mwaloni wanaweza kubaki idadi ileile huku ziwa likiisha.

Utafiti wenyewe haukuanza na sisi. Jinja, Uganda, kulikuwa na shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki tangu miaka ya 1940. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaanza upya na ilichobaki nacho. Kwetu TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Nchi hizo tatu zikaungana tena mwaka 1994, zilipotia saini Kisumu mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria.

Kisha kikaja kipima mwangwi. Meli inakwenda ikituma sauti majini. Sauti ikigonga samaki inarudi. Katika safari yangu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuandika saa na kubeba ndoo. Kusoma skrini ilikuwa kazi ya wageni kutoka Ulaya. Nilisimama nyuma yao usiku kucha: dagaa wametanda karibu na uso wa maji kama moshi, na chini yao sangara mmojammoja, kila mmoja alama iliyopinda kama ukucha. Niliwaona wote na sikuweza kusema ni tani ngapi. Iliniumiza. Ziwa letu, na jibu liko kichwani mwa mtu ambaye mkataba wake unaisha Desemba.

Kujifunza kulichukua miaka, na sehemu niliyoipenda ndiyo inayoonekana ndogo kuliko zote. Kabla ya safari meli hutia nanga kwenye maji yaliyotulia, kisha tufe dogo la chuma huning'inizwa chini yake kwa nyuzi tatu za mshipi. Ukubwa wa mwangwi wa tufe lile unajulikana. Mashine ikisoma tofauti, mashine ndiyo yenye kosa, nawe unairekebisha. Tufe hulowekwa kwanza kwenye maji ya sabuni ili viputo vya hewa visiligande, maana kiputo kimoja nacho kina mwangwi wake. Ukikosea hapo, kila tani utakayoitangaza imekosewa.

Mwaka 2008 mwangwi ulionyesha sangara wamepungua sana. Nilipokwenda Ukerewe mjomba aliniuliza, "Mmewahesabuje samaki msiowaona?" Nikamweleza habari ya tufe na sabuni. Nikamweleza pia tusichokiona: maji ya juu kabisa, na ghuba za kina kifupi anakokaa sato, ambako meli haifiki. Huko tunategemea ubao na daftari. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama siku hizi fomu ina nafasi ya nyavu. Nikamwambia ipo.

Mara ya mwisho nilipopanda meli, aliyeshika nyuzi alikuwa binti mmoja aliyesomea uvuvi Nyegezi. Alichovya tufe kwenye ndoo, akalizungusha kwa kidole, akalishusha taratibu. Namba ya kwanza haikumridhisha. Akalivuta juu, akalichovya tena, nahodha anasubiri, sote tunasubiri.