Ndege ya Vita Katika Soko la Vyungu

Ndugu msomaji, kama hujafika Lyulilo, nenda siku ya Jumamosi. Ukitoka Kyela mjini utapita Ipinda, kisha Matema. Hapo Matema shuka kwenye gari, utembee kwa miguu ukifuata ufuko. Ziwa Nyasa litakuwa mkono wako wa kulia. Mbele yako utaona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta.

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu. Kina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu hivyo kwao Ikombe. Huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa vizuri visivunjike. Utaona vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Wanunuzi huvigonga kwa kidole kusikiliza kama vina ufa.

Mimi ni bwana shamba. Nilikwenda kuangalia miche ya kakao, si kununua vyungu. Lakini pembeni ya soko nilikuta watu wamezunguka ugomvi. Kijana mchongaji wa makafi alikuwa ameshika ndege ya mti. Mbele yake alisimama mzee mmoja, askari wa zamani wa Vita vya Kagera.

"Hii siyo niliyokuagiza," mzee alisema. "Hii ni ndege ya abiria. Silipi."

"Tata, mimi sijawahi kuiona hiyo yako," kijana alijibu. "Nimechonga ile inayopita juu."

Mzee alitaka MiG-21, ndege ya vita ambayo jeshi letu lilikuwa nayo wakati ule. Alitaka kuiweka mezani kwake wajukuu waione. Kijana alikuwa ametumia siku nne, na fedha ya msasa na vanishi ilikuwa yake. Wote wawili walikuwa na haki. Niliona vibaya kuondoka.

Nikaahidi kutafuta vipimo. Nilivipata, na hivi ndivyo vilivyo. Mabawa ya MiG-21, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 7 na kidogo. Mwili wake ni mita 14 hivi, bila kuhesabu ile ncha ya mbele iliyo kama sindano. Maana yake mwili ni mara mbili ya mabawa. Ndege ya kijana ilikuwa na mabawa marefu sawa na mwili. Tena mabawa ya MiG-21 yana umbo la pembetatu. Puani ina tundu la duara la kuvutia hewa, na ndani ya tundu kuna kitu kilichochongoka kama pia.

Tukapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kila sentimita 1 ya mti iwe sentimita 30 za ndege. Mwili ukatoka sentimita 47, mabawa sentimita 24. Kijana alielewa upesi kuliko mimi. Mtu anayechonga kafi anajua kipimo kwa macho.

Ndege ya pili ilikuja na umbo sahihi, lakini ikapasuka tumboni. Kosa lilikuwa langu. Mti ulikuwa mbichi, nami nilimwambia auanike juani ukauke haraka. Nilifikiri kama mtu wa mahindi. Mti mbichi ukianikwa juani, nje hukauka na kunywea kabla ya ndani, kisha hupasuka. Hutakiwa kukaa kivulini penye upepo kwa miezi mingi, na ncha zake zipakwe rangi au nta. Ndege ya tatu ilichongwa kutoka mwimo wa mlango wa zamani, mti wa mkangazi uliokauka miaka mingi. Kijana alichonga mwili kwa tezo na patasi. Mabawa aliyapachika kwa gundi. Ile sindano ya mbele aliitengeneza kwa spoki ya baiskeli.

Jumamosi iliyofuata mzee aliigeuza mkononi muda mrefu. Akasema, "Umbo ni lenyewe. Sasa weka rangi za bendera kwenye mkia. Bila rangi siichukui."

Watu walicheka. Mimi pia nilidhani ni ukaidi wa uzee. Ndipo akatueleza kwamba mwaka 1978 alikuwa upande wa Mara.

Msomaji, huenda wewe hukuwa umezaliwa. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Vita viliendelea mpaka 1979, na mwezi Aprili mwaka huo Kampala ikatekwa. Majeshi yote mawili yalikuwa na ndege za MiG. Mtu aliye chini haoni uso wa rubani. Kule Musoma, mizinga yetu iliangusha ndege zetu wenyewe kwa kudhani ni za adui.

Mambo ya kutambua ndege yamewasumbua wengi. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwaomba wanafunzi wachonge ndege 500,000 za mti. Kila sentimita 1 ilikuwa sentimita 72 za ndege ya kweli. Zilipakwa rangi nyeusi, na askari walifundishwa kutambua ndege kwa umbo tu. Lakini umbo likiwa moja pande zote mbili, umbo halitoshi.

Mzee hakusema mengi zaidi, na sisi hatukumwuliza. Kijana alikwenda kuomba rangi kwa fundi wa mitumbwi. Akapata kijani, nyeusi na buluu. Manjano haikupatikana mpaka saa nane, tena kidogo tu, chini ya kopo. Alipaka kwa unyoya wa kuku.

Mzee akalipa fedha yote, na akaongeza ya msasa wa ndege ile ya kwanza. "Ndaga fijo, tata," kijana alisema.

Mitumbwi ya Ikombe ilikuwa imeshauza vyungu na kuanza kurudi. Mzee alipanda wa mwisho. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo aliishika ndege kwa chini, tumboni, mkia ukielekea upepo.