Juu ya Matogoro Pamoja na Mgambo wa Namtumbo

Wengi wetu tuishio mijini, tusikiapo habari za mafunzo ya mgambo, huwaza vumbi la kwata, jua la mchana na sauti ya afande isiyojua huruma. Hayo yote yapo. Lakini ipo pia siku ambayo kuruta huingojea kwa hamu, nayo ni siku ya kupanda mlima.

Wilaya ya Namtumbo, iliyotengwa na Songea mwaka 2002, ni nchi ya miombo, mahindi na tumbaku ya moshi. Vijana wa huko wajiandikishao mgambo wengi wao ni wakulima, Wandendeule na Wangoni. Kwa muda wa miezi 4 hujifunza kwata, ujanja wa porini, usomaji wa ramani na huduma ya kwanza. Hawafichi nia yao: wengi wanatafuta cheti kitakachowapatia kazi ya ulinzi mjini.

Kikosi nilichofuatana nacho kilifika kwa lori chini ya milima ya Matogoro, mashariki ya mji wa Songea, alfajiri moja ya mwezi Julai. Baridi ya Songea wakati huo huingia mpaka mifupani. Tulipoanza kupanda, nyimbo za mchakamchaka zilivuma. Baada ya nusu saa ikasikika pumzi tu. Mwenye nguvu alimpokea mwenzake mzigo pasipo kuamriwa. Kileleni zikafunguliwa njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa na madumu ya togwa. Afande akavua kofia, akaketi majanini, akacheka kama baba aliye kwake.

Hapo ndipo ramani ilipokunjuliwa. Magharibi uko mji wa Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Vita vya Majimaji tarehe 27 Februari, 1906, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Kusini, mbali zaidi ya upeo wa macho, uko mpaka wa Msumbiji, nchi iliyopigania uhuru wake kwa silaha tangu mwaka 1964 hadi 1974. Ni katika miaka hiyo, baada ya Guinea kuvamiwa mwezi Novemba 1970 na serikali ya Uganda kupinduliwa Januari 1971, ambapo Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wenyewe wafunzwe ulinzi.

Kisha tukashuka kidogo kukitazama chanzo cha Mto Ruvuma. Ni kijito ambacho mtoto aweza kukiruka. Maji hayo huelekea kwanza magharibi, yakageukia kusini, ndipo yakawa mpaka wa mataifa mawili hadi Bahari ya Hindi, safari ya kilometa zipatazo 800.

Upande wa pili wa bonde palikuwa na mteremko mweusi uliounguzwa na moto. "Huyu adui haji na bunduki," afande alisema. "Huja na kiberiti na shoka."

Kijana mmoja, mkulima wa tumbaku, aliinamisha kichwa. Bani la kukaushia tumbaku hula kuni nyingi, naye ana watoto wa kusomesha. "Afande," aliuliza kwa adabu, "nikiacha kukata, nitakausha kwa nini?" Hakukaripiwa. Wenzake walijadiliana naye njia nzima ya kushuka: kupanda miti yake mwenyewe, na kuisubiri miaka mingapi. Hawakukubaliana, ila jioni ile alikuwa akiulizia mbegu za miti.

Ndugu msomaji, ukipata likizo ukafika Songea, wapandishe watoto Matogoro. Wavae sweta, wachukue viazi na maji, nao waoneshwe kijito kile. Moto wa kupikia uwashwe nyumbani, si mlimani.